Kapteni na Mwani wa Sebuleni

Kinyozi huyu mtaa mzima unamwita Kapteni, na hajawahi kupanda hata mtumbwi. Jina alilipata siku aliyobeba tangi la samaki kichwani, akapita nalo barabara kubwa badala ya uchochoro, ili kila mwenye macho afaidi. Mkewe alipofungua mlango akauliza, "Hilo dude unaliweka wapi?" Kapteni akaliweka juu ya meza ya chakula. Tangu siku hiyo familia nzima inakula sahani zikiwa magotini.

Lakini tangi lilikuwa tangi! Mchanga mweupe chini, mimea ya majini imesimama kama bustani ya tajiri, samaki wadogo wenye mikia myekundu wanapita katikati kama wamelipa kodi. Taa ya juu yake Kapteni aliiwasha akiamka, akaizima akienda kulala. Pazia nalo alilitoa kabisa, eti samaki wanataka hewa ya nje. Wapi! Dirisha lilitazama barabarani, na yeye alipenda kusimama pale na vesti, mikono nyuma, wapita njia wamuone.

Kisha maji yakaanza kugeuka. Kioo kikapata utelezi wa kijani, majani ya mimea yakaota manyoya, mwisho maji yenyewe yakawa kama mboga iliyosagwa. Samaki ulimuona pale tu alipogonga kioo kwa pua.

"Mwani tu huo," Kapteni akasema. "Nimenyoa vichwa sugu, nitashindwa na majani?"

Na kweli akaunyoa. Alisugua kioo kwa brashi mpaka jasho likamtoka. Kesho yake kijani kimerudi, kinono kuliko jana. Akaona mimea haina nguvu, akaimwagia mbolea ya maji mara mbili ya ilivyoandikwa kwenye chupa, maana maelekezo ni ya watu waoga. Mwani ukanawiri. Akaleta konokono wa kuula. Wakala, wakashiba, wakazaa ukoo mzima, na samaki bado hawaonekani.

Mkewe akachoka.

"Dada yangu anakuja Jumapili. Analitaka hilo tangi aliweke dukani kwake. Akija nikawa nawaona samaki, libaki. Nisipowaona, analibeba, na mimi narudishiwa meza yangu."

"Mke wangu, unanitenganisha na wanangu?"

"Wanao wako shule. Hii ni supu."

Kapteni akakosa raha. Kazini alimnyoa mteja sharubu upande mmoja, akamwambia ndiyo mtindo mpya. Jioni akarudi awape samaki chakula chao, kikopo kitupu. Na alikinunua juzi!

"Nani anakula chakula cha samaki humu ndani?"

Mama mkwe, anayeishi nao, akakohoa.

"Mwanangu, usinipigie kelele. Asubuhi nawatupia kidogo. Wewe mkono wako mgumu, nakujua."

"Na mimi nikitoka shule," binti akasema. "Wananifuata kwenye kioo, naona huruma."

Wote wakamgeukia mke.

"Mnanikodolea macho ya nini? Mchana wananitazama nikila. Nile peke yangu, mimi mchawi?"

Kapteni akapanda juu ya kiti kabisa. "Kumbe! Makombo yanaoza chini, yanalisha mwani! Nyumba nzima mnafuga adui yangu!"

"Na taa?" mke akauliza.

"Taa imekukosea nini?"

"Mimea inataka mwanga wa saa chache. Wewe unaimulika kutwa kama inapigwa picha. Ziada yote inaliwa na mwani, na hiyo mbolea yako juu."

"Nani kakudanganya?"

"Aliyekuuzia samaki. Siku tulipowafuata alieleza yote, mimi nikiwa nyuma yako. Hukusikia, ulikuwa unajisifu."

Kapteni akashuka kwenye kiti taratibu.

Pazia likarudi. Mbolea ikafungiwa kabatini. Chakula ikawa ni cha kudokoa, mara moja, na mama mkwe ndiye mlinzi. Maji yalipunguzwa kwa ndoo, kidogo kidogo, yakawekwa mengine. Kilichomuuma Kapteni ni giza. Wapita njia walimtania, "Kapteni, meli imezama?" Hata hivyo taa hakuiwasha mpaka saa yake ifike.

Jumapili shemeji akaingia na ndoo na blanketi la kufungia kioo. Kapteni akawasha taa. Maji bado yalikuwa na ukijani wa mbali, na pembeni manyoya hayajaisha, lakini samaki hao, wanapita na mikia yao!

"Wazuri jamani!" shemeji akasema. "Ila wamekonda, maskini." Akamega mkate wake, akanyoosha mkono juu ya maji.

"Usiwape!"

Ilikuwa nyumba nzima kwa pamoja. Mke alishamshika mkono.

"Kha! Kipande cha mkate tu?"

"Dada, hicho kipande ndicho kinachoharibu maji."

"Haya, basi nikifika dukani nitawapa kidogo kidogo."

"Dukani kwako, na wale wateja wako wanaotafuna kutwa? Kila mmoja atawarushia chake. Tangi haliendi popote. Kunja blanketi lako tule."

Kapteni akatanua kifua. "Mnaona? Si niliwaambia huu mwani nauweza! Mtaa huu wote, hakuna mtu..."

"Wewe," mke akasema, akijiwekea sahani gotini, "zima taa."

Akazima.