Mafumbo ya Mwezi wa Kufunga

Harufu ya nanasi linalochemka ilitufikia Majengo, Thika, kila upepo ulipovuma kutoka upande wa kiwandani, na mwezi wa Ramadhani ilikuwa adhabu tupu. Siku za kawaida hatukuisikia kabisa, tulikuwa tumeizoea. Lakini mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyefunga tangu alfajiri, ikifika saa tisa alasiri, husikia harufu mpaka kwenye magoti. Mwaka ninaousimulia ulikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mfungo uliangukia likizo ya Desemba ukaishia shule zimefunguliwa, na mvua iliyopaswa kuwa imekwenda zake ilikuwa bado inanyesha, nguo zikiota ukungu kwenye kamba. Nakiri kwamba nimechoka hata kabla ya kuanza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema wahenga, ila huu ni wangu, nami nimeubeba muda mrefu mno.

Tuliishi kwa Nyanya, katika nyumba ya mabati yenye vyumba vinne na uani. Wazazi wangu waliuza mitumba sokoni na hawakuonekana mpaka magharibi. Binti ya ami yangu, Rukia, alikuwa rika langu, tukilala godoro moja na kugombania blanketi moja. Halafu alikuwepo Shangazi Mwanaidi, dada ya baba, mpiga taipu katika ofisi ya kahawa. Shangazi alikuwa na ulimi mkali, na kichwa ambacho kazi ya kunakili barua za watu wengine haikukitosha. Saa ya chakula cha mchana, kwa kuwa amefunga, alibaki mezani kwake akatutungia mafumbo ya herufi. Alichukua methali akabadilisha kila herufi kwa nyingine, A ikawa labda T, na kila penye A ikawa T hiyo hiyo hadi mwisho. Akaweka karatasi ya kaboni, Rukia akapata nakala yake nami yangu. Jioni saa kumi na moja tuliketi kwenye mkeka ukumbini, yeye akashika saa yake ya mkononi, akasema, "Haya, anzeni." Aliyetangulia kuisoma methali ndiye aliyechagua tende ya kwanza kwenye sahani ya futari.

Mwanzoni tulikuwa wazito wote wawili. Fumbo moja lilitula dakika kumi, na mara nyingine adhana ilitukuta tungali tunakuna vichwa. Shangazi akatufundisha hila zake. Tafuteni herufi inayojirudia kuliko zote, hiyo mara nyingi ni A. Mwisho wa neno letu ni irabu, kwa hiyo anzieni mkiani. Neno la herufi mbili likikaa katikati, jaribuni "na" kabla ya kuhangaika. Rukia alizishika hila hizo upesi kuliko mimi. Alikuwa mtulivu, hakufuta-futa, alilitazama fumbo kama mtu anayechambua mchele, kisha akaandika mara moja. Wiki ya kwanza nilionja tende ya kwanza mara moja tu, tena siku hiyo Rukia alikuwa na homa.

Ndipo Shangazi akaja na habari ya Ruiru. Rafiki yake Bi Salma, mpiga taipu mwenzake, alikuwa akiwafunza watoto wa madrasa ya huko mafumbo kama yetu, nao wakapatana kuwashindanisha, mmoja wao na mmoja wetu, Jumamosi ya kwanza baada ya Idi. "Mmoja tu," Shangazi alisema. "Siwezi kuchunga wawili safarini." Kwangu ilikuwa safari ya kwenda kujionyesha. Kwa Rukia ilikuwa jambo jingine. Mama yake alikuwa ameachwa na ami miaka miwili nyuma, akaolewa na mtu wa Ruiru, na Nyanya alikuwa amepiga marufuku: mtoto hataenda huko, wala huyo mwanamke hatakanyaga hapa. Ami mwenyewe alikuwa Nairobi akifanya kazi kwenye mijengo na hakutaka maneno na mama yake. Lakini mashindano ni mashindano, Nyanya asingeweza kuyakataza. Usiku huo Rukia alininong'oneza chini ya blanketi, "Mama ametuma neno kwa Bi Salma. Bwana yake amehamishwa, wanaenda Kakamega baada ya Idi. Nikienda Ruiru, atakuja kuniona." Nilimwambia inshallah. Nasema wazi ili pasiwe na shaka: nilijua. Nilijua kila kitu.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Nekesa, Mkristo kutoka magharibi, mumewe akifanya kazi katika kiwanda cha nanasi. Mchana mmoja Nyanya alinituma kumrudishia ungo, nikamkuta anaepua viazi vitamu, chai ya maziwa iko tayari. Bila shaka nilitoa macho. "Kuja ukule kidogo," akasema. "Wewe ni mtoto. Sasa utakufa juu ya njaa na Mungu mwenyewe hajakuuliza?" Mwenye njaa hana miiko. Nilikula kiazi kimoja, nikanywa kikombe, nikasukutua mdomo, nikarudi nyumbani nimeukunja uso kama mfungaji hodari. Jioni ile Shangazi alipotugawia karatasi nilishangaa. Herufi zilikuwa zimetulia. Siku zote zilikuwa zikielea mbele ya macho yangu, leo zimekaa mahali pake kama wanafunzi darasani. Nilimaliza kwa dakika nne. Shangazi alinitazama juu ya miwani yake, akasema, "Kumbe una akili, ulikuwa unaificha wapi?"

Kesho yake nilitafuta cha kurudisha kwa Mama Nekesa, na kesho kutwa sikutafuta tena kisingizio, nilikwenda tu. Dakika nne zikawa tatu, tatu zikawa mbili na nusu. Sitasema yote yalikuwa viazi, kwa maana nilijifunza kweli. Nilianza kutambua methali kwa umbo lake, nikiona maneno mawili yanayofanana pande mbili za neno fupi najua ni haba na haba. Lakini Rukia naye alijua hayo yote, ila alikuwa akiyatafuta kwa kichwa kikavu. Kadiri mwezi ulivyosonga ndivyo alivyodhoofu. Midomo ilimpasuka, na shule zilipofunguliwa alirudi saa kumi akaegemea ukuta. Jioni moja aliweka kalamu chini akaniuliza, polepole, akinitazama usoni, "Zena, wewe unafanyanga aje hivyo haraka?" Nikamjibu, "Mazoezi tu." Akaiokota kalamu yake. Nilijiambia kwamba mwishoni nitamwachia, nitajifanya nimekwama. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hiyo tulikuwa tumeifumbua wiki ya pili, nami ndiye niliyetangulia kuisoma kwa sauti.

Jaribio la mwisho, la kumchagua wa kwenda Ruiru, lilikuwa siku tatu kabla ya Idi. Nilipopewa karatasi nilikumbuka ahadi yangu vizuri sana. Kisha nikaona "na", nikaona A, mkono ukaenda wenyewe. Utamu wa kushinda haufanani na utamu mwingine, nao hauna haya. Nilimaliza kwa dakika moja na sekunde hamsini. Rukia alikuwa bado hajafika nusu. "Zena ndiye anaenda," Shangazi akatangaza, na Nyanya akaitikia kutoka jikoni, "Basi, tumemaliza." Rukia aliinuka akaenda kupanga sahani za futari. Hakulia. Afadhali angelia, ningepata mahali pa kuanzia.

Jumamosi ile Ruiru kulikuwa na tope mpaka kwenye ngazi za madrasa. Mama Rukia alikuwa amekwisha kufika, amesimama mlangoni na mfuko wa karatasi, na aliponiona aliangalia nyuma yangu, kisha nyuma ya Shangazi, kisha barabarani. "Rukia yuko wapi?" aliniuliza.

"Alishindwa," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa kana kwamba nimemweleza bei ya sukari. Tukaingia. Kijana wa Ruiru alikuwa mzuri, lakini nilikuwa nimenoleka. Fumbo la mwisho Bi Salma alilitoa kwenye bahasha, maneno manne, la pili herufi mbili. Nilianzia mkiani, nikaona A ilipokaa, na kabla ya dakika kwisha likajisoma lenyewe: asiyekuwapo na lake halipo. Watoto walipiga makofi. Nilipewa seti ya vifaa vya hesabu, bikari na rula, ndani ya kopo lake, kila kitu kipya. Tulipotoka Mama Rukia aliniita kando ya ukuta, akatoa gauni la samawati kwenye mfuko, akalishika mabegani mwangu, akalivuta huku na huku akipima. "Nyinyi mko kimo kimoja," alisema. "Litamtosha." Mikono yake ilikaa mabegani mwangu muda mrefu kuliko kipimo kilivyohitaji. Nilisimama wima nikamwachia. Rukia alilipokea gauni lile jioni, akalikunja, akaliweka chini ya godoro, na sikuwahi kuliona mwilini mwake. Mama yake alihamia Kakamega wiki iliyofuata. Walipoonana tena Rukia alikuwa kidato cha tatu, akamwamkia kwa mkono kama mgeni.

Sasa nakaribia miaka arobaini, nafanya kazi Thika, na mafumbo yamo ndani ya simu. Hushindana na watu nisiowajua, foleni ya benki, foleni ya hospitali, na mara nyingi jina langu huwa juu. Siku hizi sekunde arobaini ni nyingi kwangu. Hakuna tende, hakuna Shangazi na saa yake, na ushindi hauna ladha yoyote, ni mazoea tu. Ramadhani iliyopita nilimuuliza ustadhi kama inanipasa kuzilipa siku zile nilizokula mchana. Alicheka kwa upole. Mtoto haandikiwi, akasema, hudaiwi kitu. Nilitoka pale nimechoka kuliko nilivyoingia, kwa sababu niliyemdhulumu si saumu.

Basi nikaenda Mwihoko, ambako Rukia amepanga na ana duka dogo la vitambaa, nikamweleza yote tangu ungo wa Mama Nekesa. Alikuwa akipima kitambaa cha mteja na hakuacha kupima. "Nilikuona," alisema. "Tangu siku ya kwanza, nikiwa uani."

"Na mbona hukusema?"

Alikata kitambaa, akakikunja, akampa mteja, akangoja hadi ameondoka. "Nilifikiri ukishiba utaniachia."

Akanivutia kigoda nikae. Nilikaa pale mpaka saa ya kufunga duka, wateja wakiingia na kutoka, nikimshikia ncha ya kitambaa kila alipopima.