Kifuko kwenye Utumbo wa Sungura

Mimi hasira zangu ziko karibu, mpaka leo. Siku ile zilinimalizia sungura wote saba.

Mume wangu alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano ya serikali, nasi tuliishi kwa baba yake, upande wa Endasak. Wiki hiyo ndege ilikuwa imenyunyizia ngano dawa, na nyasi za sungura nilizikata pembeni ya ngano hiyo hiyo. Kwa hiyo nilipochinja wa kwanza, roho haikutulia.

Baba mkwe akaja kuangalia. Kwao mbuzi haliwi kabla utumbo haujasomwa kama una dalili mbaya, na yeye alijua kuusoma. Akaupitisha vidoleni, vidole vikasimama pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana. Palikuwa na kifuko cha duara, kinene, chenye vitobo kama sega la nyuki.

"Mbuzi mzima hana kitu hiki," akasema. "Ni ile sumu ya ndege. Wachomwe wote, wasije wakaambukiza ng'ombe."

Mke wa mtoto habishani na baba mkwe. Mimi nikabisha. "Huyu mmoja ndiye mgonjwa, Baba. Ngoja nikuonyeshe mzima."

Wa pili akawa nacho. Nikamchukua wa tatu, mnono, mwenye macho maangavu: naye anacho. Kila niliyemchinja kumtetea mwenzake alizidi kunishinda. Nikaona aibu, na aibu ikanizidishia hasira.

Akabaki jike mwenye mimba.

"Inatosha, mama," mzee akasema taratibu. "Huyo mwache, tumwite kwanza bwana mifugo."

"Si ulisema wote?" nikamjibu. Nikamchinja.

Kesho yake bwana mifugo alifika, akageuza utumbo kwa kijiti. "Mbona kila sungura anacho hiki kifuko? Ni tezi tu, inapigana na vijidudu, kama zile za kooni kwako. Asiye nacho ndiye wa kushangaza. Nani aliwamaliza hivi, mpaka mwenye mimba?"

Nikainamisha kichwa nikisubiri kutajwa.

"Ni mimi niliyemwamuru," baba mkwe akasema. "Wote. Na huyo pia."

Bwana mifugo akamgombeza mzee wa watu mbele yangu, muda mrefu.