Wimbo Waliouchangamsha

Wimbo wenyewe mwalimu wetu wa kwaya aliuleta kwenye simu yake. Okestra ya Wazungu, fidla nyingi zinakwenda kwa kunyata, na katikati mwanamke mmoja anaimba kama anayeogopa kumwamsha mtu. Hatukuelewa neno hata moja. Mwalimu akautungia maneno ya Kiswahili, ya Mama Maria amempakata mwanawe aliyeshushwa msalabani, akaandika nota ubaoni, na juu kabisa akaandika: polepole, kwa huzuni. Mkono wake mwenyewe ndio ulioandika. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye aliyageuka maneno hayo.

Sehemu ya solo, ya kuimba peke yako, alinipa mimi. Nilikuwa na mimba ya kwanza, pumzi fupi, na bado alinipa, maana wenzangu wa sauti ya kwanza wakifika nota za juu wanapiga yowe. Tulikuwa tukifanya mazoezi, mtoto anageuka tumboni, nami namsubiri atulie ndipo nivute ubeti.

Alizaliwa, akafa kabla hajapewa jina.

Kwetu mtoto mchanga hazikwi kwa kishindo. Mume wangu na wazee wawili walimpeleka Makurunge, walikozikwa watu wa ukoo wa mume wangu, wakarudi wakanawa mikono. Mimi nilikuwa kitandani, nimefungwa kanga kifuani ili maziwa yakauke. Nikamuuliza mama mkwe, "Kwaya imekwenda?"

"Kwaya ya nini, mwanangu? Kitoto kichanga hakiimbiwi. Nyamaza, utazaa mwingine."

Kwaya hiyohiyo inakesha kwenye msiba wa mzee ambaye hata hawamjui. Kwangu walikuja na sukari na soda, wakakaa kwenye mkeka, wakasifia mapazia, wakaondoka.

Tulipopata nafasi ya kurekodi studio huko Dar, nilimwambia mwalimu nitakwenda, lakini ajue namwimbia mwanangu. Asiuguse wimbo. Akasema, "Siugusi, dada. Vilevile kama ulivyo." Niliimba mara moja tu. Prodyuza akavua spika za masikioni, akasema safi.

Wimbo ulipotoka niliusikia Msata, nikiwa nasubiri basi, kwenye kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye simu. Ngoma zinadunda, tarumbeta za kinanda zinalia, na juu yake kuna sauti nyembamba inachekelea. Mpaka ubeti wa pili ndipo nilipojua ni mimi. Walikuwa wameichukua sauti yangu wakaikimbiza kwa mashine, wakapandisha na ufunguo wa wimbo, sauti ikawa ya juu, wakanipa furaha ambayo sikuwa nayo. Kwenye video wenzangu wamevaa sare, wanacheza ufukweni Mlingotini, mmoja anapunga leso.

Siku ya mazoezi niliingia sijasalimia mtu.

"Mwalimu, kwenye ule wimbo anayeimba ni nani?"

Wakacheka. "Si wewe? Umekuwa binti tena!"

"Ule mwendo wa mwanzo watu wangesinzia," mwalimu akasema. "Watu siku hizi wanataka kuchangamka."

"Mama aliyepakata maiti ya mwanawe anachangamka nini?"

Mama mmoja wa sauti ya pili akasema, "Jamani dada, bado tu? Si ulishamaliza arobaini?" Nilimjibu maneno ambayo hayaandikiki.

Mwalimu akakata shauri: sikukuu ya somo wa parokia, mtakatifu msimamizi wetu, tutauimba kama ulivyo kwenye rekodi. Nikasema sawa. Akadhani nimeshindwa.

Sasa, wimbo ule jinsi alivyoupanga mwenyewe, kinanda kinatoa nota moja tu ya kuanzia. Solo anaimba ubeti mzima peke yake, wengine ndipo wanaingia na ngoma. Siku hiyo kanisa limejaa, kinanda kikatoa nota yake ya juu. Nikaiacha ikafa. Nikaanza chini, pale nilipoimba studio, na kwa mwendo ule wa ubaoni. Mpiga kinanda akaanza kubonyeza vitufe vya kubadilisha ufunguo, anautafuta haupati. Mpiga ngoma kainua fimbo, kaishusha. Mwalimu anapiga mkono haraka haraka kama anayefukuza kuku kwenye mpunga. Mimi nikatazama ukuta wa nyuma.

Wangefanya nini? Hawawezi kuingia na ufunguo wao wakati mimi niko na wangu. Wanaume wa besi ndio waliokubali kwanza, wakaingia kwa upole, kisha wengine wote. Walikuwa wakiujua. Ndivyo walivyofundishwa tangu mwanzo. Hakuna aliyecheza. Niliimba beti zote, sikuruka hata mmoja, na sikulia. Kwenye mabenchi wapo waliolia; hayo ni yao.

Nje mwalimu akanifuata, jasho linamtiririka. "Umetudhalilisha mbele ya Baba Paroko!"

"Nimemwimbia mwanangu. Nyinyi mlikataa."

"Kwaya si ya msiba wako!"

"Na sauti yangu si ya ngoma zako."

"Umesimamishwa. Leo leo."

Nikavua joho palepale mlangoni, nikamtundikia begani. Mume wangu akasema nimemtia aibu, ningengoja tufike nyumbani ndipo niseme yangu. Nikamwambia yeye alikwenda Makurunge, mimi sikupelekwa.

Kwaya sijarudi wala sijaomba. Lakini rekodi ile ya studio bado inapigwa, na kila nikiikuta naomba izimwe. Juzi hapa sokoni kijana muuza simu akanigomea. "Dada, wimbo wa Mungu huo, unakukera nini?"

"Anayeimba ni mimi."

Akasikiliza kidogo, akanitazama juu mpaka chini, akacheka. "Wewe? Acha hizo. Huyu mbona ni mtoto."

Nikanyoosha mkono juu ya meza yake, nikazima mwenyewe.