Kofia ya Mtani

Juzi asubuhi jirani yangu alikuwa anayeyusha nta uani kwake, harufu ikavuka ua wa mabua ikanikuta nimekaa na chai. Harufu ya nta ni nzito. Ina utamu wa asali iliyokwisha kuondoka, na moshi umejificha ndani yake. Mimi nikishaivuta hivyo siko tena hapa. Nimekwenda Sikonge, porini, nina miaka kama sita, namfuata mjomba wangu, mrina asali, anakwenda kuangalia mizinga yake ya magome.

Mjomba aliniambia, "Nyuki wakija usikimbie. Simama kama mti. Nyuki hana ugomvi na mti."

Wakaja. Nikasimama kama mti. Mmoja alitembea juu ya kope yangu taratibu, kama mgeni anayetafuta nyumba aliyoelekezwa, akaruka akaenda zake. Aliyekimbia ni mjomba. Aliacha kiatu kimoja cha katambuga hapo chini ya mzinga, na jioni aliporudi nyumbani uso umevimba kama andazi akamwambia mama, "Huyu mtoto wako hasikii. Namwambia twende, yeye amesimama tu."

Kisa hicho hakina uhusiano na ninachotaka kusema, ndugu zangu. Nimefika huko kwa sababu ya nta. Mjomba yule yule ndiye aliyekuwa akimpelekea nta kaka yangu Mihayo, donge kubwa kama ngumi, na Mihayo aliichanganya na masizi ya sufuria akapaka buti zake za gwaride. Rangi ya dukani hakuwa nayo. Alisugua kwa kitambaa, akapumulia, akasugua tena, mpaka nikiinama naona pua yangu ndani ya buti. Alikuwa akisoma sekondari pale Tabora mjini, na jina la shule nitalimeza, kwa sababu nitakayoyasema ni ya kwetu, si ya shule.

Kwetu ni Kigwa, kwenye reli. Baba alikuwa mkulima na mzee wa kanisa la Moravian, mtu wa sauti ndogo. Barua ilipokuja kwamba shule inaanzisha mafunzo ya kadeti, ya hiari, mzazi akubali kwanza, baba alisomewa mara mbili. Akauliza, "Hiari maana yake akikataa hawamfanyi kitu?" Mihayo akajibu, "Hawanifanyi kitu, baba. Lakini nataka." Baba akachovya kidole gumba kwenye wino. Kile kidole kilibaki cheusi mpaka Jumapili, na kanisani alikishika juu ya kitabu cha nyimbo ili watu waulize.

Jina Mihayo kwa Kinyamwezi ni Maneno. Sijui waliompa waliona nini, maana sijapata kuona mtu mwenye maneno machache kama yule. Ukimuuliza umeshiba, anakuonyesha sahani.

Waliwafundisha Jumamosi na jioni baada ya masomo, kwa bunduki za mbao. Mwalimu wao alikuwa sajini aliyeazimwa kutoka jeshini, Mzaramo wa pwani, mrefu, mweusi wa kung'aa, Kiswahili chake kinateleza kama samli. Likizo moja aliwatembeza vijana wake kwa miguu kufuata reli, wakalala Kigwa. Mihayo akamleta nyumbani kusalimia. Jua lilikuwa linazama, naye akaingia uani akasema kwa fahari salamu moja ya kwetu aliyojifunza, "Mwangaluka."

Mwangaluka ni salamu ya asubuhi. Baba, yule mtu wa sauti ndogo, akamtazama akasema, "Mwacheni. Mzaramo ndiyo kwanza anaamka."

Hapo utani ukafunguliwa. Nyinyi vijana huenda mmesikia tu habari zake. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe mabegani kwenda pwani na kurudi. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anachukua kitu chako mbele ya macho yako, unacheka.

Sajini akasema, "Babu yako alipofika pwani akaiona bahari, akauliza nani kamwaga maji yote haya."

"Na babu yako hakumjibu," baba akasema, "maana alikuwa amelala anasubiri ngoma ianze."

"Afadhali mwenye ngoma. Nyie shingo zenu fupi hivyo ni mizigo."

Mama alicheka akashika nguzo ya jiko. Baba alifuta machozi. Sijawahi kumwona baba hivyo, kabla wala baada. Ndipo sajini akainuka, akamkamata jogoo miguu, akasema, "Huyu nimemteka," na baba akazidi kucheka.

Jogoo alikuwa wangu. Nilimlea tangu ana manyoya laini kama pamba. Nililia wazi wazi, nina miaka kumi, aibu tupu. Sajini akachuchumaa mbele yangu, jogoo ananing'inia mkononi.

"Usilie, mtani. Ndiyo utani huo. Na wewe ukikuta changu, chukua. Sitanuna."

"Chochote?"

"Chochote mkono wako unachofikia."

Baba akasema, "Amesikia huyo. Shauri yako." Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepewa sheria, na mtoto akipewa sheria anaitunza kuliko waliomtungia.

Miezi ikapita. Ikatangazwa siku ya gwaride la wazazi. Afisa mkubwa atakuja kutoka kambini, atawatazama vijana, na atachagua wawili ambao wakimaliza masomo watapelekwa kusomea uofisa. Mihayo ndiye aliyepewa kuongoza gwaride. Kwenye treni baba alivaa koti lake la kanisani, na njia nzima alinirudishia neno moja, "Leo kaka yako anachaguliwa." Alikwisha kumchagua yeye. Afisa alibaki kuthibitisha tu.

Mihayo alitupokea langoni. Alimsalimu baba shikamoo, akanishika kichwa, akanionyesha bweni lao, kitanda chake, sanduku lake la bati chini ya kitanda. Alinipa karanga za kukaanga kwenye kipande cha gazeti akasema, "Kaa na baba. Usizurure." Kwa Mihayo hayo yalikuwa maneno mengi.

Nikazurura. Nyuma ya bweni palikuwa na bomba la maji, na sajini ameinama ananawa uso. Kofia yake ameiweka juu ya ukuta mfupi, nyuma ya mgongo wake, ile ya jeshi yenye nembo ya shaba. Mkono wangu ulifika.

Sikuona kama naiba. Naomba mniamini hapo. Nilifurahi kweli kweli. Niliipeleka nikaificha kwenye sanduku la Mihayo, chini ya blanketi, maana ndipo mahali pekee nilipopajua. Nilipanga kwamba gwaride likiisha sajini atatafuta, atahangaika, nami nitatokea mbele ya watu niseme, "Hii nimeiteka, fidia ya jogoo," na baba atafuta machozi tena kama ile jioni. Hayo machozi ndiyo niliyokuwa nayataka, kuliko hata jogoo.

Sikujua kwamba askari bila kofia hawezi kupiga saluti. Nani angeniambia? Afisa akawahi kufika. Vijana wamejipanga uwanjani, Mihayo mbele yao amenyooka, na sajini akatokea kichwa wazi. Nilimwona afisa anamuuliza kitu, sajini anajibu, afisa anamuuliza tena. Viranja wawili wakatumwa mabwenini. Sisi wazazi tulikuwa kwenye mabenchi, watu wanatazamana. Nami natafuna karanga, nangoja kicheko.

Viranja wakarudi wamebeba sanduku la bati. Wakaliweka kwenye nyasi mbele ya wageni wote, wakalifungua, wakatoa blanketi, wakatoa kofia.

Hakuna aliyecheka.

"Sanduku la nani?" afisa akauliza.

"Langu, afande."

"Kofia imefikaje humu?"

Mihayo alinyamaza. Macho yake yakaja kwenye mabenchi, yakapita kwa baba, yakanikuta mimi. Yakakaa. Sijui yalikaa muda gani. Sajini naye akafuata yale macho mpaka kwangu, na nikaona kinywa chake kinafunguka, na naapa alielewa. Lakini afisa akageuka kumtazama, na sajini akakifunga. Angesema nini? Kwamba alimwambia mtoto wa kijijini achukue mali ya jeshi?

"Mvue mkanda," afisa akamwambia.

Sajini akamvua Mihayo mkanda kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kama anavyovuliwa mgonjwa. Vijana wote wakitazama mbele, hakuna aliyepepesa.

Ndipo baba akainuka. Alisimama na lile koti lake, na kwa ile sauti yake ndogo, ambayo siku ile ilifika kila mahali, akasema, "Mimi sina mtoto mwizi." Akakaa.

Sehemu hii nikiwasimulia wajukuu huwa nairuka. Nasema tu kaka yangu alikosana na wakubwa akaondoka. Leo nisiiruke. Nilikuwa na ukweli mzima mdomoni, maneno matatu tu, "Ni mimi, nilimtania." Miaka mingi nilijidanganya kwamba sikusema kwa sababu mdomo umejaa karanga. Karanga hutafunwa, ndugu zangu. Karanga hutemwa. Niliogopa fimbo ya baba, ndiyo hivyo tu, na baba hakuwa hata mtu wa fimbo.

Utotoni niliamini Mihayo alinyamaza kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Ilinichukua mpaka nami nilipokuwa na watoto kujua vingine. Siku moja vikombe viwili vilivunjika jikoni kwangu, nikauliza nani, na mkubwa akamtazama mdogo bila kusema kitu. Nikayajua yale macho. Hakuwa ananificha tu Mihayo. Alikuwa ananingoja. Alinipa nafasi niseme mwenyewe, nisisemewe, akanipa nyingine, na mimi nikachukua karanga nyingine.

Na utani nao nilikuja kuujua vizuri uzeeni. Wazee waliniambia kwamba kwenye njia za misafara, mpagazi akifa mbali na kwao, mtani ndiye aliyemzika, akamfukia, akapeleka habari. Kuchukua jogoo ni upande mmoja tu. Upande wa pili ni kusimama na mtu akiwa peke yake. Mimi na sajini tuliujua ule wa kwanza.

Sajini alikuja Kigwa baadaye, mara moja. Alileta jogoo mkubwa. Baba alimpa kiti, akamwita "bwana mkubwa", akamwuliza habari za safari, na hakumtukana hata kidogo. Yule mtu aliinamisha kichwa akatazama miguu yake. Aliondoka bila kumaliza uji. Shule na mimi tuliachana mwaka ule ule. Kila nikikaa darasani naliona lile sanduku. Ndiyo maana mwandiko wangu ni kama kuku aliyekanyaga tope.

Baba nilimwambia siku zake za mwisho, amelazwa hospitali ya Kitete, nimekaa chini kando ya kitanda chake. Nilisema yote, kofia, blanketi, karanga. Alifumba macho nikadhani amelala. Kisha akasema, "Nilijua hakuiba. Nilijua kabla sijakaa chini."

"Mbona hukusema, baba?"

"Nilikuwa nimeshasema."

Basi. Wiki hii mjukuu wangu Neema, yuko kidato cha tatu, ameniletea karatasi ya shule. Mafunzo ya kadeti, ya hiari, mlezi aweke sahihi. Nikamuuliza, "Usipotaka hawakufanyi kitu?" Akasema, "Babu, mbona unaniuliza hivyo? Mi nataka." Nikaishika ile karatasi mpaka akaniuliza kama sioni vizuri. Nimeweka sahihi. Kisha nikamwita mdogo wake, nikamkalisha, nikamsimulia haya yote, bila kuruka. Alisikiliza. Akauliza, "Sasa babu mkubwa Mihayo alikwenda wapi?"

Nikamwambia ninachojua. Baba alimtafuta mpaka Kigoma. Wengine walisema wamemwona Ujiji, wengine Mpanda, mmoja alisema amemwona na mke na baiskeli. Watu husema.

Turudi uwanjani, maana nimemwacha amesimama. Baba amekaa. Sajini ana mkanda mkononi. Afisa akasema, "Toka kwenye mstari." Mihayo akageuka nyuma, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa, akatoka. Hakukimbia wala hakuinama. Alitembea mwendo wa kawaida kuelekea bombani, tukadhani anakwenda kunywa maji, na baba akasema, "Mwacheni anawe uso." Alilipita bomba. Akalipita lango, akashika barabara ya magharibi, na hakurudi.