Nusu Yetu ya Kaburi

Mpwa wangu anafanya kazi ya kutunza wazee huko Uingereza, na kila akipata siku ya kupumzika hunitumia picha. Anajua shangazi yake ni mtu wa kukaa. Safari yangu ndefu huanzia barazani hapa mjini, mtaa wa Chemchem, na kuishia sokoni, na njia nzima ya kurudi nalalamika kama mtu aliyetoka Kigoma kwa miguu. Basi yeye hutembea kwa niaba yangu.

Juzi nilikuwa nachambua mchele, simu ikalia. Nikafungua nikakuta kanisa la kijijini huko, la zamani sana, na ndani yake mtu na mkewe wa mawe wamelala chali juu ya kaburi lao, viganja vimekutana kifuani, mbwa mdogo wa jiwe amejikunja miguuni. Pua ya mume imekatika. Ukutani yamebandikwa mabamba ya marumaru, majina juu ya majina, kama ubao wa matangazo wa halmashauri, ila hawa hawatafuti tenda.

"Shangazi, wamelala hivi miaka mamia," akaandika.

Nikamjibu, "Ndoa imedumu kwa sababu hakuna anayejibu mwenzake."

Akacheka kwa zile alama zao za kucheka, halafu akatuma picha moja zaidi. Jiwe la kaburi, safari hii limelazwa sakafuni, limelika kwa nyayo za watu, na kando yake bibi mmoja wa Kizungu amepiga magoti, ana ndoo na kitambaa, anasugua. Hapo ndipo nilipousahau mchele. Kuku walikuja wakajihudumia, na mimi sikuwaona. Nilikuwa nimeshafika kijijini kwetu, upande wa Puge, katika kanisa letu la matofali ya udongo, Jumamosi saa nne asubuhi, harufu ya jiwe lililolowa imenijaa puani.

Sisi pia tulikuwa na kaburi kanisani. Lilikuwa sakafuni, katikati, kati ya mabenchi ya wanaume na ya wanawake. Chini yake amelazwa padre mmoja Mzungu wa zamani, aliyefika kwa miguu na msafara, akaugua homa, akafa kabla hajamaliza kujifunza kusalimia. Ndugu zake wa huko kwao walituma jiwe. Lilifika pwani kwa meli likiwa zima, likaonekana ni zito mno kwa mabega ya watu, likakatwa vipande viwili. Kila nusu ilifungwa kwenye mti, ikabebwa mzegazega na wapagazi wa Kinyamwezi, nyika kwa nyika, mpaka kwetu. Fundi akaziunganisha kwa chokaa. Kwa kuwa fundi naye alikuwa binadamu, mshono ulibaki unaonekana, umepinda kidogo, na nusu moja imezidi nyingine kwa unene wa kidole.

Nusu ya juu, yenye msalaba na jina, ilibebwa na kundi la baba yake bibi yangu. Nusu ya chini, yenye mistari mingi ya lugha ambayo hakuna aliyeijua, ilibebwa na kundi la baba yake jirani yetu, bibi mwingine wa rika moja na wangu, mwembamba, mwenye sauti ya kuweza kumwita mtu aliyeko shamba la tatu. Wapagazi wenyewe walizikwa porini na vijijini, juu yao pakaota nyasi, na baadaye mahindi. Hawakuwekewa jiwe lolote. Kwa hiyo familia zetu mbili zilijichukulia lile. Mwenyewe yumo ndani, alikuwa akisema bibi, lakini jiwe ni letu.

Kila Jumamosi wale bibi wawili walikwenda kuliosha. Wangu alitumia majivu na dodoki. Jirani alitumia mchanga na gunzi la hindi, akidai dodoki ni la kuogeshea watoto. Kila mmoja alipiga magoti upande wake, akasugua kwake, akakoma kwenye mshono. Hakuna aliyevuka hata kwa ncha ya kidole. Povu la mmoja likitiririka kwa mwenzake, kazi inasimama.

"We mama, majivu yako yanakuja kwangu."

"Yaache yaje, yafike mahali yakafanye kazi."

"Kwenu mlibeba jina la mtu mmoja tu. Sisi tulibeba sala nzima! Unajua uzito wa maneno wewe?"

"Nyie mlibeba miguu ya marehemu. Sisi ndio tulibeba kichwa."

Mimi nilikuwa darasa la tatu, kazi yangu kuchota maji kisimani na kumwaga nilipoambiwa. Bibi aliniita mke mwenzangu, kwa sababu babu, alipokuwa hai, alishanioa kwa utani nikiwa bado nanyonya. Jirani alinisaidia kumkera: "Mke mdogo, mwambie mkubwa wako ameacha uchafu hapo kwenye msalaba." Nikisema, nilichapwa na dodoki. Nisiposema, nilirushiwa gunzi.

Wakimaliza, walikaa mlangoni, wakala michembe, vile viazi vitamu vikavu, iliyochemshwa asubuhi, pengine na kijiko cha asali. Mimi nilibaki ndani. Nilipenda kulala kifudifudi juu ya jiwe likiwa bado na unyevu. Nje jua linawaka, mabati yanalia, popo wanajigeuza darini kama watu wanaotafuta upande mzuri wa mto, na hapo chini kuna baridi tamu inayopanda tumboni. Niliweka sikio. Nasema kweli, nilisikia watu wakitembea. Nilisikia wengi, nyayo za peku kwenye vumbi, na njuga moja mbele, wakija polepole bila kufika. Siku hizi najua ulikuwa moyo wangu mwenyewe. Nilisoma hadi kidato cha nne, na daraja nililopata ni siri yangu na serikali, lakini hilo la moyo nililielewa. Ila bado nafikiri wale watu walikuwa wanatembea.

Sasa ukaja mwaka ule wa sakafu. Tulikuwa tumeletewa padre mpya, kijana, mtu wa mkoa mwingine, mchapakazi, mwenye filimbi ya kuita watu kwenye kazi za parokia. Katika arusi moja bi arusi alijikwaa kwenye ule mshono, akaingia kwenye ndoa kwa magoti. Padre akasema basi. Kamati ikakaa, ikaamua kanisa lote litiwe saruji yenye rangi nyekundu, na jiwe liondoke katikati. Nusu yenye jina itapandishwa ukutani karibu na altare, iheshimike. Ile ya maneno, kwa kuwa maneno yamefutika na hakuna anayeyasoma, itawekwa mlangoni iwe ngazi.

Jirani hakuwepo. Alikuwa Igunga kwa binti yake, aliyekuwa amejifungua, na hakuna aliyejua atarudi lini.

Baada ya misa ile ya tangazo watu walimzunguka bibi. "Hongera, bibi! Mmepandishwa ukutani!" Na bibi alifurahi, nisikufiche. Alitembea kurudi nyumbani shingo ndefu kama twiga. Njiani alisalimia hata watu aliokuwa amewanunia. Alinionyesha kwa fimbo yake jinsi nitakavyolazimika kupanda benchi kuiosha.

Lakini jioni hakula. Alikaa na bakuli la michembe mapajani mpaka ikapoa. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Atarudi," akasema, "atakuta watu wanafuta matope juu ya kwao."

Alfajiri nilipoamka hakuwa kitandani, na kikapu cha karanga hakikuwa mahali pake.

Nilimkuta kanisani. Mabenchi yalikuwa yameshatolewa nje, mafundi wamekoroga zege la kwanza, na katikati ya ule uwazi bibi yangu ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, anamenya karanga. Nilidhani amekalia nusu yetu. Nikasogea. Alikuwa amekalia ile ya chini, ya jirani, ameijaza yote kwa khanga zake.

Padre akaja na filimbi yake shingoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama. Bibi, mafundi wanasubiri."

"Nao sijawasikia wakiniamkia."

Mafundi watatu wakaamkia kwa pamoja kama wanakwaya. Bibi akaitikia mmoja mmoja, akauliza habari za kwao, za mama zao, za mvua. Zege likaanza kukauka kwenye karai. Padre akachuchumaa, akapunguza sauti, akaeleza mambo ya kujikwaa, na ya heshima ya ukutani, na kwamba kwenu, bibi, ndiko kulikopata bahati. Bibi alimpa karanga. Akakataa. Bibi akaacha mkono umenyooka vilevile mpaka akachukua.

Siku ile sakafu haikutiwa. Kesho yake alikwenda tena, na mimi baada ya shule nikapelekwa na kibuyu cha uji. Nilimkuta fundi mkuu amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamsaidia kumenya. Kijiji chote kilikuwa kinapita mlangoni kwa visingizio. Mwenyekiti wa kamati alikuja akafoka kidogo kwa ajili ya watu wanaosikia, kisha akaomba karanga za kwenda nazo. Nilikuwa naona aibu mpaka masikio yanawaka, maana shuleni walishaanza kuniita mjukuu wa kaburi.

Padre alifika mchana, amechoka, vumbi limemfika kwenye kope. Hakuwa na filimbi. Akaangalia huku na huko pa kukaa, pote zege na kokoto, mwishowe akaketi palipobaki, juu ya nusu ya juu.

"Hapo ni kwetu," bibi akasema. "Lakini kaa tu, nimekuruhusu."

Padre akamenya karanga moja, akaila, akamenya nyingine.

"Bibi, nikuulize kitu. Nusu yenu imepona. Hiyo uliyoikalia si ya yule bibi mnayegombana naye kila Jumamosi? Mpaka nawasikia nikiwa jikoni."

"Ndiyo hiyo."

"Sasa?"

"Sasa ukiitoa," bibi akasema, na alikuwa anamtazama kama mtu anayemwelekeza njia mgeni, "nitagombana na nani?"

Padre alianza kucheka taratibu, mabega kwanza, halafu akajifuta macho, akaacha michirizi miwili mirefu ya matope kwenye vumbi la mashavu. Akamwambia fundi atandaze zege kuzunguka jiwe, aliache lilivyo.

Fundi akatandaza. Hakuna aliyefikiria unene wa zege. Sakafu mpya ilipanda, nyekundu, inateleza, inang'aa, na jiwe likabaki chini kwenye shimo lake kama kitanda kilichozama. Kabla ya hapo watu walijikwaa. Baada ya hapo walitumbukia.

Jirani alirudi na basi la Igunga akiwa na gunia dogo la mchele na uso wa mtu aliyekwisha kusikia yote njiani. Jumamosi ilipofika alipiga magoti mahali pake, akalitazama jiwe kwa muda, akakwangua kitu kwa ukucha.

"Nani amekaa kwangu? Kuna maganda ya karanga kwenye maandishi."

"Labda panya," bibi akasema.

"Panya mzito huyo. Ameniachia alama."

Wakaosha, kila mmoja kwake. Jioni ile tulikuta kikapu cha mchele mlangoni, umechambuliwa punje kwa punje, na hakuna aliyebisha hodi. Bibi aliupika wote. Alisema una mawe, na sikuona jiwe hata moja.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Tulimzika nje ya kijiji, karibu na shamba lake, kwenye udongo mwekundu tu. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nafua uani, nikasikia ile sauti ya shamba la tatu: "Wee mjukuu! Kwenu kumejaa vumbi! Mnasubiri nani?" Nikachukua dodoki nikaenda. Niliosha huku machozi yananitoka, na yeye alisugua kwake bila kuniangalia. Mara akanipiga kofi kwenye mgongo wa mkono. "Umevuka. Rudi kwenu." Sijawahi kufarijiwa vizuri kuliko vile.

Baadaye niliolewa, nikaja mjini, nikazaa, nikapata hiki kiti cha barazani ambacho kimeshachukua umbo langu. Kijijini wamejenga kanisa jipya kando ya lami, kubwa, la vigae, na hakuna mtu aliyezikwa ndani yake. Lile la zamani hufunguliwa kwa nadra. Nilirudi jirani alipofariki, nikiwa nimelazimishwa na ndugu zangu na basi la alfajiri. Wajukuu zake walikuja kwa magari kutoka Dar na Mwanza, vijana wazuri, wenye haraka, wakaondoka jioni ileile.

Nilibaki kulala. Asubuhi nikaazima ndoo na ufunguo. Vumbi lilikuwa limejaa kwenye lile shimo hadi mshono hauonekani, nikautafuta kwa vidole. Nikapiga magoti, magoti yakalalamika, nikaosha kwetu hadi mpakani. Nikakaa, nikasubiri kidogo, kama mtu anayesubiri mwenzake aliyechelewa kwa sababu ya njia. Nje palikuwa kimya, hata popo walikuwa wamehama.

Basi nikavuka. Niliosha upande wa pili polepole, kwa dodoki, jambo ambalo lingemuudhi, nikaacha povu liende linakotaka. Halafu nikajilaza pale chali, mwanamke mzima, mwenye wajukuu, gauni la msibani limelowa mgongo wote, nikangoja jiwe likauke. Lilikauka lote kwa pamoja, kwetu na kwao.