Maji Aliyoogopa Kunywa Mama

Siku ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, mvua ilikuwa imenyesha mtaani kwetu Bagira tangu asubuhi, nami nilikuwa nimeinamia mashini yangu ya kushona. Ilikuwa miaka ya Zaïre, tulipokuwa tunaitana sitwayeni, yaani raia. Wakubwa wa serikali walikuwa wanangojewa mjini, na wamama wa animasyo, wale wa kucheza na kuimba mbele yao, walikuwa wameniletea vitambaa vya blauzi ishirini na nne. Nilikuwa kijana, mkono mwepesi, na ulimi mwepesi kuliko mkono.

Mama yangu alikuwa anaishi nami. Alikuwa mkulima wa kijiji cha Miti, mwanamke wa kubeba maharagwe mgongoni mpaka sokoni bila kutua. Lakini alianguka shambani akavunjika paja, na mfupa ulipounga hakuweza tena kutembea bila fimbo na bega la mtu. Baba alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo nilimleta kwangu. Watu wakanisifu. Nisikufiche, nilipenda kusifiwa.

Choo chetu kilikuwa chini kabisa ya kiwanja, na huko kwetu mvua ikipita udongo unateleza kama sabuni. Kila mama alipotaka kwenda, niliacha kazi, tukashuka hatua kwa hatua, nikamngoja, tukapanda. Siku ile ilikuwa mara ya tatu. Aliniita kwa upole, "Maman, unisaidie kidogo." Ndivyo tunavyowaita binti zetu tukiwabembeleza. Nami, bila kuinua macho, nikajibu neno moja: "Tena?"

Sikumtukana, na nilimpeleka. Lakini wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Njia nzima mkono wa mama begani mwangu ulikuwa mwepesi, kana kwamba hataki niusikie uzito wake.

Tangu hapo aliniita mara chache. Nilifurahi! Nilidhani mguu unapata nguvu, na blauzi zilikuwa zinasonga. Chai niliyomwekea ilikuwa inapoa, naimwaga, nawaza kwamba wazee hawana hamu. Baada ya wiki hivi akaanza kuniita kwa jina la dada yangu aliyekufa mdogo. Akauliza kama mbuzi wamefungwa, na sisi hatukuwa na mbuzi. Midomo yake ilipasuka. Jirani mmoja akasema ni uzee, akili inarudi utotoni. Mwingine akaninong'oneza kwamba kuna mtu wa Miti amemroga kwa ajili ya shamba. Nami nikaanza kumtafuta mchawi kichwani mwangu, wakati kikombe kilikuwa kimejaa mbele ya macho yangu.

Aliyekiona ni mama mkubwa, dada yake mama, tuliyemwita M'Birindwa. Alikuja kutoka Miti na kibuyu cha mashanza, yale maziwa yetu ya mgando. Aliketi kitandani, akaivuta ngozi ya mkono wa mdogo wake kwa vidole viwili, na ngozi ikabaki imesimama. Akatazama kikombe, kisha akanitazama mimi.

"Anakataa maji tangu siku gani?"

Sikujua. Mwanangu, nililala naye nyumba moja na sikujua.

Jirani mwenye kamionete, gari dogo la mizigo, alitupeleka hospitali ya misioni, Katana. Kichwa cha mama kilikuwa mapajani mwangu, na njia yote nilimwomba Mungu asimchukue akiwa ananiita kwa jina la marehemu. Anfirmie, muuguzi wa hapo, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya chini, alimtundikia seromu, maji ya dawa ya kuingia mshipani. Alisema mwili umekaukiwa, na mkojo nao una ugonjwa. Kwa mzee, hayo mawili yanatosha kuvuruga akili. "Haiko bulozi," akaongeza, yaani si uchawi, maana alikuwa amekwisha kuyasoma macho yetu.

Siku ya tatu mama alifumbua macho akasema, "Nsimire." Jina langu. Nililia mpaka anfirmie akanipa kiti. Kisha akamgeukia mama: "Maman, juu ya nini ulikuwa unakataa kukunywa?"

Mama aligeuza uso ukutani. "Nikikunywa, nitaomba choo. Na mutoto iko na kazi mingi. Nilikuwa nasikilizaka mashini. Nilisema, ikinyamaza, njo nitamwita. Lakini haikuwa inanyamaza."

Nilitoka nje. Mama mkubwa alinifuata, nami nikamwambia lile neno nililosema siku ya mvua. Nilifikiri atanipiga kofi; hakunipiga.

"Kikombe ulimupatia," akasema. "Choo njo ulimunyima. Ule mama alikubeba miaka mbili, ukimukojolea mugongo. Uliona siku gani anakuhesabia?"

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, nami nililelewa bila kuhesabiwa.

Nilipomwomba mama msamaha, alinishika shavu. "Ungeniambia umechoka," akasema. "Na mimi ningekuambia niko na haya." Mficha uchi hazai, sisi wawili tulificha, kidogo tuzikane. Blauzi zilizobaki alizimalizia mshonaji mwingine, na wamama wakacheza. Mimi nilimwita fundi wa mbao, akatoboa kiti katikati, tukaweka ndoo chini yake, nikatundika pazia la kitenge ili mama asitiriwe. Kabla ya kuanza kushona nilimuuliza mimi kwanza. Alianza kunywa. Aliishi nami miaka sita zaidi, akili timamu, tukigombana juu ya chumvi ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

Leo mimi nami natembea kwa fimbo, na haya ile naijua kwa ndani. Inakuja kabla ya kiu.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukiwa na mzee nyumbani, usitosheke kwamba umemwekea maji; tazama kama yanapungua. Muulize kuhusu choo kabla hajakuomba, na mfanyie kiwe karibu. Akili yake ikibadilika ghafla, usiseme ni uzee, wala usitafute mchawi. Mpeleke kwa waganga wa hospitali upesi. Na ukichoka, maana utachoka, kuchoka si dhambi. Waite ndugu zako wakupokee, usimwachie mzee aisome hasira usoni mwako. Mzee hakuombi mengi. Anaomba asijione mzigo.

Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi wenye adabu. Akupe watoto na umri mrefu, na siku magoti yako yatakapokataa, akuwekee mtu atakayeinuka kabla hujamwita.