Unga wa Kufika Brusele

Poda ya watoto ikininukia mahali popote, hata leo katika duka la dawa, namwona shangazi yangu Eliza akishuka kwenye baiskeli ya mchuuzi wa samaki pale kijijini kwetu Kabuta, kando ya ziwa, viatu mkononi, nguo zake zikinukia poda hiyo hiyo. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa bado nina mapengo.

Shangazi alikuwa yaya wa Wabelgiji mjini Elisabethville, Kongo. Walipokwenda likizo kwao, Brusele, walimchukua kwa ndege ili amlee mtoto wao Misheli. Huko wakaamua kubaki, wakamrudisha peke yake. Kibemba chake kilikuwa kimechakaa, basi tukawa tunazungumza naye Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, kile ambacho bibi yangu, tuliyemwita Kambo, alikitumia kuuzia samaki Kilwa ya Kongo. Mara nyingi shangazi aliniita Misheli kwa kusahau. Nami niliitika.

Kambo alipima umbali kwa unga wa kula njiani. Kuvuka ziwa hadi Kilwa kulikuwa donge moja la bukari, yaani ugali, lililofungwa kwenye jani. Kwenda Kasama kwa miguu kulikuwa mfuko mzima, na ukifika unaukung'uta. Siku moja, tukipasua samaki ufukweni, akamwuliza binti yake:

"Eliza, kufika kule Brusele ulibeba bunga ngapi?"

"Hata kidogo, mama. Tulikula mule mule mu ndeke."

"Na mulilala njiani?"

"Mara moja tu, juu ya mawingu. Asubui tukafika."

Kambo akaacha kisu. "Basi ni karibu kuliko Kasama!"

Wanawake waliokuwa wakipasua samaki nasi wakacheka, mmoja akanong'ona kwamba Eliza anawadanganya. Kambo akamjibu kwa methali yetu, kwamba mtoto asiyetembea humsifu mama yake kwa kupika.

Mimi sikucheka. Nilikuwa napiga hesabu. Kama hapahitajiki unga, na usiku ni mmoja tu, kinatuzuia nini?

"Mayosenge," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita dada wa baba, "kesho twende tumuone Misheli!"

Akaanza kunawa mikono, akibandua magamba taratibu.

"Mutoto wangu, kule hakuna mutu wa kuniita."

"Misheli atakuita."

"Misheli alisha kunisahau."

Kisha akachuchumaa mbele yangu, akaniambia nipande mgongoni. Nilikuwa mkubwa mno. Miguu yangu ilining'inia karibu na magoti yake. Akanifunga kwa kitenge, akatembea nami ufukweni hadi ilikoishia mitumbwi, akiimba polepole wimbo wa Kifaransa nisioujua. Nyuma yetu hakuna aliyecheka tena.

Niliona haya, lakini nilitulia, nikidhani ananibembeleza kwa sababu safari yangu imekataliwa. Nilikuwa nimeshazaa, na wanangu wameshaondoka, ndipo nilipotambua ni nani kati yetu aliyekuwa akibembelezwa asubuhi ile.